Taarifa Rasmi Kuhusu Droo ya Pili

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Uratibu wa Hisia za Umma, iliyopo Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia, inawatangazia wananchi na wakaazi wote wa Maskati kwamba kuanzia mwezi wa Juni mwaka 2004 ushairi wa Kisinhala umekaguliwa, umesawazishwa na umeonekana hauna madhara. Kazi hiyo imefanywa na kamati ya watu watatu kwa muda wa wiki tano. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa akijua Kisinhala, na kwa hivyo hakuna aliyeweza kushutumiwa kwa upendeleo.

Mwenyekiti nilikuwa mimi. Jina langu Harub, cheo changu Mkurugenzi Msaidizi, na naandika taarifa hii kwa sababu mitaani kumezagaa maneno. Watu wanasema nimeumbuka. Sikuumbuka. Nilishiriki katika zoezi ambalo matokeo yake yalinielekea mimi.

Kabla ya Kisinhala, idara yetu ilikuwa imeshajijengea jina kwa Mwongozo wa Makofi, uliopanga sekunde nane kwa mkurugenzi, kumi na mbili kwa mkubwa wake, na nne kwa mgeni asiyejulikana. Mwongozo huo niliuandika mwenyewe na unatumika mpaka leo. Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka kwa jumuiya ya watu wa Sri Lanka waliopo hapa Ruwi, haikuwa ajabu iangukie mezani kwangu.

Hawa ni mafundi cherehani, wauguzi, madereva na watumishi wa majumbani. Ijumaa utawaona nyuma ya kituo cha mabasi, wamekaa vikundi vikundi, wanasomeana magazeti ya kwao. Barua yao ilikuwa ya adabu. Waliomba ruhusa ya kufanya asubuhi moja ya mashairi, na wakaeleza kwamba siku hizi kwao vijana wengi wanasoma mpaka chuo kikuu, wanakosa kazi, na yale waliyoshindwa kuyasema mbele ya wakubwa wanayasema kwenye mashairi. Mashairi hayo, ilisema barua, ni ya mtindo mpya, hayana vina.

Nilipiga mstari mwekundu chini ya maneno mawili: *vijana* na *hayana vina*. Kijana mwenye vina unajua ataishia wapi. Asiye na vina anaweza kuishia popote. Niliunda kamati siku ile ile kabla ya adhuhuri.

Mjumbe wa kwanza alikuwa Bi Masouda, katibu wetu, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, ambaye ujanani aliimba kwenye kikundi cha taarabu na mpaka leo akisikia udi unapigwa anakaa sawa. Wa pili alikuwa Sleiman, wa kitengo cha mialiko. Wazee wake walikuwa na duka Tabora, na Kiswahili chake ni kile cha bara, anakwambia "aisee" hata kwenye kikao. Nilimstahamilia.

Hapa lazima nifafanue jambo la kitaalamu. Sisi tuliolelewa na taarabu tunajua shairi ni nini. Mwimbaji anaimba habari za ndimu, na mwanamke aliyekaa safu ya tatu anajua kwamba ndimu ni yeye. Anaweza kuinuka akatunza, anaweza kuinuka akaondoka na asizungumze na jirani yake miaka saba. Shairi linalosema kile linachokisema, kwetu, ni tangazo la duka. Kwa msingi huo kamati ilipitisha utaratibu wa kazi katika kikao chake cha kwanza: tutatafuta fumbo, na tukilipata tutalifungia.

Tatizo likabaki la msomaji. Kanuni za wakati ule zilitaka nafasi kama hiyo ishikwe na mwananchi. Tulimtafuta mwananchi ajuaye Kisinhala wiki mbili nzima. Tuliandika barua huku na huku, tukajibiwa kwa masikitiko. Ijumaa moja, tukila chakula cha mchana nyumbani kwangu Al Hail, nikawa nalalamika.

"Nchi nzima," nikasema, "hakuna hata mmoja!"

"Baba," alisema binti yangu Zakiya, "mimi nnakijua."

"Unakijua nini?"

"Kisinhala. Kwani nani aliyenilea? Si yaya Kusuma? Nilianza kuota kwa Kisinhala kabla sijajua kuota kwa Kiswahili. Na kusoma amenifundisha Nilmini."

Mke wangu, Nasriya, aliacha kula. "Na sote tumo humu ndani hatujui?"

"Mlikuwa barazani," alisema Zakiya. "Sisi tulikuwa jikoni."

Zakiya alikuwa na miaka ishirini na nne na shahada yake ya chuo kikuu, na alikuwa amekaa nyumbani mwaka wa tatu akisubiri kazi. Ombi lake moja lilikuwa kwenye trei yangu mwenyewe, ofisini. Kila akiniuliza nilimwambia linashughulikiwa, nisije nikaambiwa nampendelea mwanangu. Sasa nikalishughulikia kwa dakika kumi na moja. Watu waliita ile wasta, yaani kubebana. Mimi nasema ulikuwa ni ugunduzi.

Aliyekuwa akituletea kachumbari wakati mazungumzo hayo yanaendelea ni Nilmini, mtumishi wetu. Sina budi kumweleza, kwa kuwa anarudi tena katika taarifa hii. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisoma chuo kikuu kwao, fani ya lugha na fasihi, akamaliza, akapanga foleni ya kazi miaka mitatu, kisha baba yake akauza kipande cha shamba la mpunga ili wakala amlete huku kufagia. Shahada yake alikuja nayo ndani ya bahasha. Mimi sikuiona kuwa tatizo. Nasriya aliniita Harub, Zakiya aliniita Baba, na Nilmini pia aliniita Baba, kwa hivyo utaona kwamba alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Mtu wa nyumbani ana haja gani na pasipoti? Ndiyo maana niliiweka mimi, kwa usalama wake, kwenye kabati la chumbani kwangu, droo ya pili, chini ya makopo ya udi.

Mwezi wa Mei serikali ya kwao ikatangaza kuajiri wahitimu kuwa walimu. Kila mmoja afike mwenyewe, na vyeti vyake, kabla ya saa kumi jioni ya tarehe ishirini na nane Juni. Asiyefika jina lake linafutwa. Nilmini aliniambia mara ya kwanza nikiwa nakunywa kahawa.

"Baba, nataka pasipoti. Nataka kwenda."

"Ombi lako limepokelewa," nikamwambia. "Linashughulikiwa."

"Nani anashughulikia, Baba?"

"Mimi."

"Basi Baba, wewe umefika wapi?"

Swali hilo halikuwa la kiutaratibu na sikulijibu. Nakiri hapa, kwa uwazi unaotakiwa na serikali ya kisasa, kwamba nilikuwa na sababu. Tarehe tatu Julai mimi na Nasriya tulikuwa na safari ya Unguja, harusi ya mpwa wangu, na tiketi zimeshakatwa. Nyumba ingebaki na nani? Mimea ingemwagiliwa na nani? Aliuliza mara ya pili, ya tatu na ya nne. Mara zote nilimjibu kwa upole na kwa maneno yale yale, maana msimamo wa mamlaka haubadilikibadiliki.

Mashairi yakaja, thelathini na moja, yamepigwa namba. Majina ya watunzi yalikuwa ndani ya bahasha zilizofungwa kwa gundi, utaratibu niliouanzisha mwenyewe ili haki itendeke. Zakiya alikaa kwenye ncha ya meza na kuanza kutufasiria. Sleiman alichukua karatasi moja akaigeuza huku na huku.

"Aisee, herufi zao zote za mviringo," akasema. "Kama visheti."

Bi Masouda akachungulia. "Hazina ncha. Lugha isiyo na ncha itamchoma nani?"

Tuliliingiza hilo kwenye kumbukumbu kama ushahidi.

Shairi la kwanza lilimzungumzia msichana na bibi yake wanatunga asumini ya kupeleka hekaluni. Uzi unakatika, asumini zinamwagika, wanacheka. Basi. Bi Masouda alikuwa ameshashika kifua.

"Asumini!" akasema. "Hebu nambieni, asumini huyo ni nani?"

"Ni ua, Bi Masouda," alisema Zakiya.

"Wewe mtoto usinifunze asumini. Na uzi umekatika! Kuna ndoa ya mtu hapo. Na kicheko chote kile, anachekwa nani?"

Sleiman akainamisha kichwa, akanong'ona kwamba mkurugenzi wetu ameoa mke wa pili mwezi uliopita na siku ya harusi bibi harusi alivaa kikuba cha asumini. Tulitazamana. Shairi namba moja likafungiwa kwa kura tatu. Namba mbili lilikuwa na mvua inayonyesha juu ya mpunga, tukaona matusi. Namba tano lilikuwa na paka, na paka yule alikuwa na masharubu, kwa hiyo hatukuthubutu hata kulimaliza.

Ndipo tukaingia kwenye yale ya vijana. Namba tisa Zakiya alilisoma polepole:

*Nilipanga foleni na cheti changu.*
*Mbele yangu kijana mmoja, hana cheti,*
*ana mjomba.*
*Mlango ukafunguka, ukamsalimia kwa jina.*

"Mie hapa naona pakavu," alisema Bi Masouda. "Fumbo liko wapi?"

"Labda mjomba ni akili," nikasema. "Mwenye akili hufunguliwa."

"Mimi mwenyewe niliingia hapa kwa mjomba," alisema Sleiman, "na aisee, sikuguswa hata kidogo. Kwa hiyo halimgusi mtu."

Hoja yake ilikuwa nzito, tukapitisha. Tulipitisha na lile la mbunge anayetoa barua za kazi kama peremende, na lile la mama aliyetundika shahada ya mwanawe ukutani mpaka mchwa wakaisoma yote. Yote yalikuwa wazi mno kuweza kuwa na madhara. Zakiya alikuwa anatutazama kwa macho ya ajabu. Nilidhani ni heshima.

Tukafika namba kumi na saba. Zakiya aliisoma karatasi ile kwanza peke yake, mpaka chini. Akanywa maji. Halafu akasoma:

*Nina shahada na nina ufagio.*
*Shahada iko ndani ya bahasha, ufagio uko mkononi.*
*Pasipoti yangu iko droo ya pili,*
*chini ya makopo ya udi.*
*Kila asubuhi nalifuta vumbi kabati hilo,*
*kwa nje.*
*Tarehe ishirini na nane mlango utafungwa.*
*Bwana anasema: linashughulikiwa.*
*Nami nasikia funguo zinalia mfukoni mwake*
*akienda kusali.*

Miaka yangu yote ya kusikiliza mashairi sikuwahi kukutana na fumbo lililojificha namna ile.

"Subhanallah," nikasema. "Mmeliona?"

"Nini tena?" aliuliza Sleiman.

"Droo, bwana! Droo ya kwanza ni tumbo la mama. Sasa ya pili ni nini?"

Bi Masouda akashusha pumzi. "Kaburi."

"Na pasipoti?"

"Roho. Maana bila hiyo husafiri."

"Na udi je? Udi si ndio wa kufukiziwa maiti?"

"Na ishirini na nane," alisema Bi Masouda, machozi yanamlengalenga, "ni herufi za Kiarabu. Anakusudia elimu. Elimu nayo ina mwisho wake. Yaani huyu mtu ni mkubwa, Harub, nnakwambia, huyu ni mkubwa."

Zakiya akaweka karatasi mezani. "Baba," akasema, "na kama ni droo tu?"

"Mwanangu, hakuna droo tu."

"Yaani kama ni droo ya mbao. Ina kitasa. Iko katika nyumba ya mtu."

"Wewe bado mdogo," nikamwambia, na nikamwambia kwa mapenzi. "Ukikua utaona kina chake."

Mashairi yaliyopitishwa yalipangwa kwa nafasi, nami nikalipatia namba kumi na saba nafasi ya kwanza, na kwa mkono wangu nikaandika maoni ya kamati pembeni, kwa Kiarabu safi: *Mtunzi amemchora bwana huyu kwa ustadi wa kutisha. Ni mtu mkavu wa moyo, anayejificha nyuma ya maneno matamu. Anatembea na uhuru wa mwenzake mfukoni na bado anakwenda kusali. Mwenyekiti anamlaani kwa nguvu zote.* Zakiya aliuliza kama nina hakika nataka yaandikwe hivyo. Nikamwambia agonge muhuri. Aligonga mara mbili.

Jioni ile, nyumbani, Nilmini aliuliza mara ya tano. Nilimwambia linashughulikiwa, na nilikuwa bado nimejaa utamu wa lile shairi, hata nikatamani kumsimulia. Sikumsimulia. Nilidhani asingelielewa.

Hafla ilifanyika Alkhamisi, tarehe ishirini na nne Juni, katika ukumbi wa hoteli upande wa Bustan. Nje joto lilikuwa la kuchoma, ndani kiyoyozi kikawatetemesha wageni. Mgeni rasmi alikuwa Sheikh Marhoon, mkubwa wa wakubwa zetu, mzaliwa wa kule milimani bara ya Oman. Ni mtu mwema, lakini maskini hajui Kiswahili na hajawahi kusikia taarabu. Akisikia neno analichukua kama lilivyo. Nilimhurumia mapema, nikamkalisha karibu yangu ili nimfafanulie. Nilimchukua na Nilmini vilevile, ashughulikie kahawa ya wageni. Gharama za hoteli kwa kahawa ni za kijinga.

Watu wa jumuiya walijaa safu za nyuma, wamevaa nguo zao za Ijumaa. Mashairi yalisomwa kwa Kisinhala, na Zakiya akasoma tafsiri ya Kiarabu. Kila kitu kilikwenda kwa ratiba. Ilipofika nafasi ya kwanza nilifungua bahasha namba kumi na saba mwenyewe, kwa mbwembwe, nikasoma jina: Nilmini.

Nilifikiri, jina hili kwao ni kama Fatma kwetu. Kisha nikamwona Nilmini wangu anaweka birika la kahawa juu ya meza ya Sheikh Marhoon, anafuta mikono kwenye kitambaa, anakwenda mbele. Nilifikiri anakwenda kumpokelea mwenzake. Aliposhika kipaza sauti nilifikiri ni dharura ya umeme. Mtu wa madaraka hufundishwa kuwa na maelezo, na mimi nilikuwa nayo mengi.

Alisoma bila karatasi. Sauti yake nilikuwa nikiijua kwa "ndiyo Baba" na "chai tayari Baba". Hii haikuwa ile. Wanawake wa safu za nyuma walishikana mikono, na fundi cherehani mmoja mzee akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Zakiya akasoma Kiarabu. Alipomaliza watu walipiga makofi, na kwa mazoea nikatazama saa. Mgeni asiyejulikana anastahiki sekunde nne. Walipiga arubaini na moja.

Sheikh Marhoon hakupiga. Alikuwa amekunja uso.

"Leo tarehe ngapi?" aliniuliza kwa Kiarabu.

"Ishirini na nne, Mheshimiwa. Lakini hiyo ishirini na nane kwenye shairi ni idadi ya herufi za…"

"Basi amebakiwa na siku nne." Akamgeukia Nilmini. "Mwanangu, droo hiyo ipo wapi?"

"Mheshimiwa," nikaingilia, "droo hiyo ni kaburi. Ya kwanza ni tumbo la mama, na ya pili…"

"Nimemuuliza yeye."

Nilmini alinitazama. Nilitaraji atanisitiri. Mimi ni Baba.

"Al Hail," akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Nyumbani kwa Baba Harub. Chumba cha kulala, kabati, droo ya pili."

"Kaburi lipo Al Hail?" aliuliza Sheikh Marhoon, na sikujua kama anatania.

Akaomba faili. Zakiya alikuwa nalo tayari, limefunguliwa ukurasa wenyewe. Sheikh alivaa miwani akasoma maoni ya kamati kwa sauti, na mbele yake kulikuwa na kipaza sauti. "*Ni mtu mkavu wa moyo, anayejificha nyuma ya maneno matamu.* Sawa kabisa. *Anatembea na uhuru wa mwenzake mfukoni.* Sawa. *Mwenyekiti anamlaani kwa nguvu zote.* Mwenyekiti ni nani?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Na bwana huyu uliyemlaani?"

Niliona aibu. Nasema wazi, niliona aibu, ilinipanda kutoka miguuni mpaka kwenye kilemba. Niliinuka nipate la kusema, na kwa kuinuka tu funguo zikalia mfukoni mwa kanzu yangu. Ukumbi mzima ukasikia. Fundi cherehani mzee ndiye aliyeanza kucheka, kisha wauguzi, kisha Sleiman, ambaye ripoti yake ya mwaka ipo mikononi mwangu.

"Nipe, Baba," alisema Zakiya, amenyoosha mkono. Hakucheka.

Nikampa.

Adhuhuri haijaadhiniwa alikuwa amekwenda Al Hail na kurudi, na pasipoti ya Nilmini ilikuwa mkononi mwa Nilmini, inanukia udi. Ijumaa nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege wa Seeb. Hakuna aliyeniamuru. Nilitaka kumwomba radhi, na nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini yalikuwa yakinitoka kwa lugha ya barua. Mlangoni alinikabidhi ufunguo wa jikoni.

"Kahawa iko kopo la kijani," akasema. "Hiliki usitie nyingi."

Hakusema Baba.

Alifika kwao. Jumatatu ya tarehe ishirini na nane, saa tisa na dakika ishirini, alisimama mbele ya meza ya waajiri na bahasha yake, na jina lake likaandikwa. Zakiya ndiye aliyeletewa barua. Nilmini anafundisha wasichana mia moja na kumi sasa, na anawasomesha mashairi yasiyo na vina. Nilipoambiwa nilifurahi, na furaha hiyo ilinishangaza.

Sasa nimalizie upande wa utawala. Sheikh Marhoon aliagiza iandikwe taarifa kamili kuhusu droo, isainiwe na kamati mpya, ambayo mwenyekiti wake ni Bi Masouda na mwandishi wake Zakiya. Mpaka taarifa hiyo ikamilike, pasipoti yangu mimi ikabidhiwe ofisini kwake na kufungiwa kwenye droo ya meza yake. Kwa usalama wangu. Niliikabidhi nikapewa risiti. Nilipiga simu baada ya siku tatu kuuliza.

"Linashughulikiwa," aliniambia karani.

"Nani anashughulikia?"

"Sisi."

"Mmefika wapi?"

Akakata simu. Tarehe tatu Julai Nasriya alikwenda harusini peke yake. Alinipigia kutoka Unguja, ngoma zinasikika nyuma yake, akaniuliza kama nimemwagilia mimea. Nilikuwa nimeshika ufagio. Kufagia vumbi la Al Hail, nakwambia, ni kazi. Unamaliza chumba cha mwisho na cha kwanza kimeshajaa.

Wiki ya pili niliona hakuna njia nyingine. Nilikaa jikoni nikaandika shairi. Sikutia vina, sikutia asumini, sikutia fumbo hata moja. Nilisema pasipoti yangu iko kwenye droo ya Sheikh Marhoon, meza ya kushoto, na kwamba naiomba. Nililitia kwenye bahasha isiyo na jina, nikalipeleka kwa kamati.

Majibu yalikuja juzi, yana muhuri na saini ya Bi Masouda. Kamati imelisoma kwa makini na imeguswa sana. Imegundua kwamba droo ni kaburi, meza ni dunia, na upande wa kushoto ni wa wenye kitabu kibaya siku ya Kiyama. Inampongeza mtunzi kwa kina chake na inamtakia kila la heri katika safari aliyoikusudia.

Chini kabisa pana mstari mmoja kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa Zakiya: *Baba, niliwaambia ni droo tu. Wamesema hakuna droo tu.*